Mtu wa Bombani

Kila msikiti wa pwani una mtu wake wa bombani. Muadhini ameshakimu, safu zimenyooka, imamu yuko kwenye Fatiha, na yeye bado yuko nje, mikono ya kanzu imekunjwa juu ya viwiko, kifua kimelowa, anauosha mkono wa kulia. Ameshauosha mara tatu kama sunna inavyotaka. Ameuosha mara tatu nyingine. Sasa ameugeuza kwenye mwanga, anaukagua mkunjo wa kiwiko: maji yalifika hapa, au nimedhani tu kwamba yamefika? Anafunga bomba, anapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, anasimama. Kichwa nilipaka? Anarudi. Na akishaingia ndani kazi bado haijaisha. Mikono inapanda masikioni kwa takbira, inashuka, inapanda tena, kwa sababu nia haikukaa, au ilikaa lakini ikatangulia kidogo, au ilichelewa kidogo. Aliye kando yake amezoea. Watoto wa chuoni huiigiza mikono ile wakiwa nyuma ya nguzo, wakacheka kwa kwapa wasisikike.

Watu wana kauli mbili juu yake. Wako wanaomhesabu mcha Mungu kupita kiasi, mtu ambaye ibada imemwingia hadi kwenye mifupa. Na wako wanaosema akili zimemruka. Wote wamekosea. Mtu huyo huyo mkute dukani kwake asubuhi: anakata kitambaa bila kupima mara mbili, anajua nani anamdai na nani anadaiwa, anakupigia hesabu ya saruji kichwani kabla hujatoa simu. Na ukimuuliza kwa siri, mkiwa wawili, atakuambia kwamba anajua maji yalifika. Anajua. Hapo ndipo penye mateso yake: ujuzi wake haumtoshi.

Madaktari huuita ugonjwa huu kwa herufi tatu, OCD, na makadirio yao ni kwamba katika kila watu 100, wawili hadi watatu huupata katika kipindi fulani cha maisha, wengi wao ukiwaanza utotoni au ujanani. Una pande mbili. Kuna wazo linalojileta lenyewe, bila kualikwa, linalomchukiza au kumtisha mwenyewe. Na kuna kitendo anachojiona hana budi kukifanya ili kulinyamazisha: kuosha, kukagua kufuli, kuhesabu, kuuliza, kuomba msamaha, kurudia dua kimoyomoyo. Kitendo kinaleta nafuu ya dakika chache. Nafuu hiyo ndiyo inayoulisha ugonjwa, maana akili imejifunza kwamba njia ya kutoka kwenye hofu ni ile ile, na kesho itaidai tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi.

Huyo wa bombani angalau anaonekana. Wengine hawaonekani kabisa. Mama aliyejifungua juzi anakata kitunguu, mtoto amelala kwenye mkeka pembeni, na wazo linapita: itakuwaje nikimchoma? Mikono inamlegea. Kisu anakipandisha juu ya kabati. Kesho yake anamwomba wifi aje kushinda naye, na hamwambii kwa nini. Keshokutwa hamwogeshi tena mwanawe, anasema mgongo unamuuma. Nyumba nzima inadhani ni uvivu, au amerogwa, au hampendi mtoto, na yeye mwenyewe ameshajihukumu kuwa ni muuaji, ilhali kilichomtia hofu yote ile ni kwamba anampenda.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili waliokuwa London, Stanley Rachman na Padmal de Silva, waliwauliza watu wasio na ugonjwa wowote kama na wao hupitiwa na mawazo ya namna hiyo: kumsukuma mtu relini, kutamka tusi katikati ya ibada, kumdhuru mtu wa nyumbani. Wengi walisema ndiyo. Yakiwekwa kwenye karatasi bila jina, mawazo ya wazima na ya wagonjwa yalifanana kiasi kwamba hata wataalamu hawakuona rahisi kuyatenganisha. Tofauti ilikuwa kwenye yale yaliyofuata. Mzima huliacha wazo lipite akasonga na shughuli zake. Mgonjwa huliweka wazo kizimbani, akaanza kesi, na kesi hiyo haina hukumu, kwa kuwa kila ushahidi unaoletwa unazaa swali jingine.

Wenzetu wa zamani waliiona hali hii kwa macho makali kuliko tunavyodhani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa Balkh katika nchi ambayo leo ni Afghanistan na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na nafsi, na humo akaupa waswasi, yaani hali hii hii, mlango wake peke yake, mbali na huzuni, hofu na hasira. Alimuasa mwenye nao asikae peke yake. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, naye akiwa wa madhehebu ya Shafi kama sisi wa pwani, aliwaelekea hasa wale wanaokwama kwenye nia. Hoja yake ina kicheko ndani yake. Mwanachuoni akiingia, unasimama kumheshimu. Je, kabla ya kusimama huwa unajisomea moyoni kwamba unanuia kusimama kwa ajili ya fulani, kwa sababu ya elimu yake, wakati huu wa kuingia kwake, ukiwa umemwelekea? Ukisimama umeshanuia. Basi na sala ni hivyo. Nimekutana na maelezo mengi ya kisasa juu ya ugonjwa huu, na machache yanaupata ujinga wake kwa usahihi huo.

Fiqhi nayo ina kanuni ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua: yakini haiondolewi na shaka. Ulipotawadha ulikuwa na yakini. Shaka ya baadaye haina nguvu ya kuivunja. Na katika hadithi sahihi tumesimuliwa masahaba waliomlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba hujiwa na mawazo mazito wasiyothubutu hata kuyatamka, naye akawaambia kuwa kule kuchukizwa kwao ndiyo imani yenyewe. Hakuwaambia wayapige vita. Hakuwauliza ni mawazo gani.

Sasa, kama elimu yote hiyo ipo, kwa nini mtu wa bombani yupo bado? Kwa sababu ameisoma. Mara nyingi yeye anaijua kanuni ya yakini kuliko imamu, na ameigeuza kuwa chombo kingine cha kujiuliza: je, yakini yangu ilikuwa yakini kweli? Ibn Qudama, mwanachuoni mkubwa wa Damascus, aliandika kijitabu kizima cha kuwakemea wenye waswasi. Namheshimu, lakini karipio halijamponya mtu. Anayekaripiwa huongeza karipio hilo kwenye orodha ya madhambi yake.

Ukristo una kisa chake, na ndicho kinachoonyesha ujanja wa ugonjwa huu waziwazi. Ignatius wa Loyola, kabla hajaanzisha shirika la Wajesuiti, alikaa Manresa, Hispania, mwaka 1522, akiteswa na shaka kwamba hakuungama dhambi zake zote za nyuma. Aliungama, akaungama tena. Padri wake akampa amri ambayo mtu yeyote mwenye busara angeitoa: asiungame tena jambo lolote la zamani, isipokuwa lile lililo wazi kabisa. Kwa Ignatius mambo yote yalikuwa wazi kabisa. Ile “isipokuwa” ikameza amri nzima. Mpe mgonjwa wa waswasi mlango mdogo kiasi cha tundu la ufunguo, naye atapitisha humo ngamia.

Hatua kubwa ya tiba ilipatikana London mwaka 1966, na haikuwa ya maneno. Victor Meyer, katika Hospitali ya Middlesex, aliacha kujadiliana na wagonjwa wake. Wauguzi walikaa nao mchana kutwa, wakawakabilisha na kile wanachokiogopa, na wakawazuia kufanya kile kinachowapa nafuu. Aliyekuwa akinawa bila kikomo alifungiwa maji. Hofu ilipanda, ikafika kileleni, na kisha, bila kunawa, ikashuka yenyewe. Mgonjwa aliliona hilo kwa mwili wake, si kwa hoja. Tiba hiyo, ya kukabili na kujizuia, imelainishwa tangu wakati ule. Leo mgonjwa hupanda ngazi kidogo kidogo na kwa hiari yake. Hadi sasa ndiyo inayotangulizwa, pamoja na dawa kama fluoxetine na clomipramine. Lakini ni tiba chungu. Wapo wanaoikataa mlangoni, na wapo wanaoianza wakaikimbia.

Hapo ndipo uzingatifu (mindfulness) ulipoingia, nami nataka kuuzungumzia kwa tahadhari, kwa sababu siku hizi unauzwa kila mahali. Jon Kabat-Zinn aliuchukua kutoka kwenye tafakuri ya Kibudha, akauvua mavazi ya dini, na mwaka 1979 akaanza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa kozi ya wiki kadhaa. Kiini chake hakina fumbo. Unakaa, unaangalia pumzi inavyoingia na kutoka, wazo likija unaliona kwamba ni wazo, hulifukuzi wala hulifuati, unarudi kwenye pumzi. Jeffrey Schwartz, daktari wa akili wa Los Angeles ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa tafakuri hiyo, aliupeleka kwa wenye OCD na kuueleza katika kitabu alichokitoa 1996. Aliwafundisha kuliita jambo kwa jina lake: hii si mikono michafu, huu ni waswasi. Kisha kujua unatoka wapi, yaani kwenye ubongo unaopiga king'ora bila moto. Kisha kufanya jambo jingine, bustani, kushona, lolote lile, na kukiahirisha kitendo kwa dakika 15 kabla ya kuamua upya. Na mwisho kuishusha bei ya lile wazo.

Kundi lake, likiongozwa na Lewis Baxter, lilikuwa limeshachapisha mwaka 1992 picha za ubongo wa wagonjwa kabla na baada ya tiba. Baadhi walipewa fluoxetine, baadhi walipewa tiba ya tabia bila dawa. Kwa waliopata nafuu, matumizi ya nishati yalipungua katika sehemu ile ile ya ndani ya ubongo, kwa makundi yote mawili. Habari hiyo inafaa ifike kwa kila anayedhani kwamba ugonjwa huu ni upungufu wa imani au ukaidi. Inafaa ifike pia kwa anayedhani kwamba ukiwa wa ubongo basi mtu hana la kufanya.

Tatizo langu liko kwenye jinsi uzingatifu unavyonadiwa: utulivu, amani ya moyo, akili iliyo tupu. Mpelekee bidhaa hiyo mtu wa bombani uone. Ataketi, atafumba macho, na baada ya muda mfupi swali litakuwa limeshafika: je, nimepumua sawasawa? Wazo lile nililiacha lipite, au nililisukuma? Moyo umetulia vya kutosha, au nianze upya? Udhu umepata ndugu. Daniel Wegner na wenzake mwaka 1987 waliwaomba wanafunzi wa Kimarekani wasimfikirie dubu mweupe na wagonge kengele kila anapowajia. Kengele ziliendelea kulia, na baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, aliwajia zaidi kuliko wale ambao hawakuzuiwa tangu mwanzo. Anayetumia pumzi kama fimbo ya kufukuzia mawazo anafanya kazi ya dubu. Na anayehesabu tasbihi ili wazo baya lisitokee, akianza upya kila anapoteleza, ameifanya hata dhikri kuwa kufuli la kukagua.

Majaribio yaliyofanywa hadi sasa kwa kuuongeza uzingatifu juu ya tiba ya kukabili ni machache na madogo, na hayajathibitisha kwamba mgonjwa hupona zaidi kuliko akipata tiba ya kukabili peke yake. Yako matokeo yanayonivutia zaidi. Mwaka 2010 Michael Twohig na wenzake, Marekani, walichapisha jaribio la watu wazima 79 wenye OCD. Nusu walifundishwa kuyapokea mawazo na hofu zao bila kuzitii, wakaelekea kwenye mambo wanayoyathamini. Nusu walifundishwa kulegeza misuli na kutulia. Vikao vilikuwa 8 kwa kila kundi. Waliojifunza kupokea walipata nafuu kubwa kuliko waliojifunza kutulia. Maana yake kwangu ni kwamba mtu huyu hana haja ya utulivu. Ana haja ya uwezo wa kukaa na swali lisilojibiwa, akaenda zake kuswali, kupika, kulala, huku swali likimfuata. Uzingatifu ukimpa uwezo huo, aushike kwa mikono miwili. Ukimpa kitu kingine cha kukikamilisha, autupe.

Na kukaa na swali lisilojibiwa si jambo la mgonjwa peke yake, ndilo jambo gumu zaidi kwa walio naye. Mume amelala, taa zimezimwa.

“Mama watoto, gesi umezima?”

“Nimezima.”

“Na ile valvu ya juu ya mtungi?”

“Nimezima, baba watoto. Ulikuwa umesimama hapo unaniona.”

Kimya. Shuka linageuzwa.

“Uliizungusha mpaka mwisho?”

Mke anaamka, anawasha taa, anakwenda jikoni, anaugusa mtungi, anarudi na kuapa. Amefanya hivyo kwa mapenzi, na kwa sababu kesho ana kazi, anataka kulala. Lakini kila jibu ni maji ya bahari kwa mwenye kiu. Usiku unaofuata atahitaji viapo viwili. Nimeona nyumba ambazo watoto wamefundishwa kuvua nguo za shule ukumbini, bibi haruhusiwi kugusa kikombe cha mtu, na milango hufungwa kwa zamu ya mashahidi. Familia nzima imeajiriwa na ugonjwa wa mtu mmoja, bila mshahara wala likizo.

Kuacha kujibu hakuanzi usiku wa manane kwa hasira. Huanza mchana, mkiwa mmeshiba, kwa makubaliano: swali likija nitakujibu mara moja, ukiuliza tena nitakuambia huo ni waswasi, nami niko hapa. Halafu kushika ahadi hiyo hata anapolia. Bila makubaliano, kunyamaza ni ukatili. Kwa makubaliano, ni tiba.

Huku kwetu njia ya mgonjwa huwa ndefu. Huanzia kwa shekhe wa kisomo au mchungaji wa maombezi, ikapitia kwa mganga atakayemkuta na jini, na ikifika kwa daktari miaka imeshapita. Sisemi kisomo kiachwe. Mtu husomewa akapata moyo, na moyo ni nusu ya safari. Ninachokipinga ni kumwambia mtu kwamba wazo lake limetoka kwa shetani, kisha kumwachia kazi ya kulichunguza kila likija ajue kama ni la shetani au lake. Hapo umempa mtungi mwingine wa gesi. Wahudumu wa afya ya akili ni wachache na wengi wako mijini, ila dawa yenyewe si ngeni: clomipramine imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu huu, na fluoxetine hupatikana katika maduka mengi ya dawa kwa cheti cha daktari. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni mahali pa kuanzia. Dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na mara nyingi kipimo chake huwa kikubwa kuliko kinachotolewa kwa sonona, kwa hiyo anayeacha baada ya siku kumi akisema haikumsaidia hajaijaribu.

Na nyinyi maimamu na mapadri, ambao mgonjwa huwafikia kabla ya sisi sote, nina ombi. Msimkemee mbele ya watu, na msimsifu kwa uchamungu. Mpeni hukumu moja, fupi, isiyo na “isipokuwa”: aoshe mara tatu, aingie, aswali na shaka yake hivyo hivyo. Mwelekezeni hospitali. Na akirudi Ijumaa ijayo na swali lile lile kwa maneno mengine, mwambieni kwa upole kwamba ameshajibiwa, kisha zungumzeni naye habari za biashara.